Kumfuga kori wa madoa: tangi linaloiga vijito vya Paraná

Kori wangu sita wa kwanza niliwaua kwa joto. Muuzaji aliniambia ni samaki wa Amazon, niweke hita kwenye nyuzi 28, nami nikatii. Wiki ya tatu walikuwa wamejibanza kwenye kona wakihema haraka haraka, wakipanda juu kila baada ya muda mfupi kumeza hewa. Mwezi haukuisha, nikabaki na mmoja. Maji yalikuwa safi na chakula kilikuwepo. Tatizo ni kwamba samaki yule hatoki Amazon.

Kori wa madoa, kwa jina la kisayansi Corydoras paleatus, kwao ni kusini zaidi: sehemu ya chini ya bonde la Mto Paraná, mito ya Uruguay na ya pwani ya kusini mwa Brazili, hadi vijito vya jimbo la Buenos Aires, Argentina. Huko kuna kipupwe cha kweli. Mwezi Julai wastani wa joto la hewa mjini Buenos Aires ni kama nyuzi 11, baridi ambayo mtu wa Njombe au Makambako anaijua vizuri. Vijito anamoishi huenda polepole, chini kuna mchanga au tope laini, kingo zimejaa majani, na maji hupanda na kushuka joto kwa kufuata majira. Ukilishika hilo, mengine yote katika mwongozo huu yatakujia yenyewe.

Ni kambale, lakini usimfikirie kambale wetu wa mabwawani mwenye ngozi tupu inayoteleza. Huyu kila ubavu una safu mbili za vipande vya mfupa vilivyolaliana kama vigae vya paa. Jina Corydoras limeungwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kofia ya vita na ngozi, yaani samaki aliyevaa deraya. Jike mkubwa hufika kama sentimita 7, dume hupungua kidogo. Rangi yake ni ya kijivu-kahawia yenye mabaka meusi na mng'ao wa kijani ubavuni ukimmulika vizuri. Wapo pia weupe wenye macho mekundu. Hao ni zeruzeru wa aina hiyohiyo na hutunzwa vilevile.

Vielelezo vilivyotumika kumweleza kisayansi vilikusanywa na Charles Darwin katika safari ya meli Beagle ya 1831 hadi 1836. Aliyemwandika na kumpa jina, mwaka 1842, ni Leonard Jenyns, kasisi mpenda viumbe ambaye nafasi ya kwenda na meli hiyo ilimpitia kwanza yeye akaikataa. Kufikia miaka ya 1870 samaki huyu alikuwa tayari anazalishwa kwenye matangi mjini Paris, enzi ambazo hakuna aliyekuwa na hita ya umeme. Mwaka 2024 wataalamu waliligawa upya kundi zima la makori, kwa hiyo usishangae ukimkuta ameandikwa Hoplisoma paleatum. Ni yuleyule.

Hatua ya 1: Pima joto la chumba kabla ya kununua chochote

Jaza ndoo maji, iweke pale unapotaka tangi likae, tumbukiza kipimajoto. Soma alfajiri na saa tisa alasiri kwa wiki nzima, na ukiweza fanya hivyo katika mwezi wenye joto kali kuliko yote mahali pako. Unachotafuta ni maji yanayocheza kati ya nyuzi 18 na 23. Yakigusa 25 kwa siku chache si balaa. Yakikaa 27 na zaidi mwezi mzima, huyu si samaki wako.

Nairobi, Arusha, Iringa, Mbeya, Kigali na Bukavu, ndani ya nyumba ya kawaida, mara nyingi hutahitaji hita kabisa. Hiyo ni pesa umeokoa, na umeme ukikatika hulali ukiwaza. Walio Ulaya na Marekani Kaskazini wanaoishi kwenye nyumba zenye joto la ndani nao wamo katika kundi hili, ilimradi tangi lisikae jirani na kikanza chumba.

Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, Muscat: niwe mkweli kwenu. Miezi ya joto kali maji ya ndoo iliyokaa tu ndani yanakaribia nyuzi 30. Kugandisha chupa za maji na kuziacha zielee tangini ni kazi ya kila siku, na joto linalopanda na kushuka kwa ghafla linamchosha samaki kuliko joto lenyewe. Nunua kori wa Sterba, Corydoras sterbai, anayetoka bonde la Mto Guaporé kwenye mpaka wa Brazili na Bolivia. Yeye nyuzi 27 au 28 anazichukulia poa. Hatua zilizobaki zinamfaa naye, isipokuwa tu hesabu za joto.

Kwa nini joto linaua? Kwa sehemu kubwa ni hewa. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu, na wakati huohuo mwili wa samaki unaochemka unadai oksijeni zaidi. Tena sisi tulio mlimani tunapunjwa upande mwingine: kwenye mwinuko wa mita 1,400, kama Arusha, mgandamizo wa hewa ni mdogo na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa takriban asilimia 15. Ndiyo maana nasisitiza pampu ya hewa hata pale ambapo maji ni baridi.

Hatua ya 2: Tangi

Urefu na upana ni muhimu kuliko kina, maana samaki huyu anaishi sakafuni. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, ndicho kiwango cha chini kwa kundi la sita. La sentimita 80 ni bora. Fundi wa vioo wa mtaani anaweza kukutengenezea, lakini mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina sumu. Weka mfuniko, na uache nafasi ya sentimita 3 au 4 kati ya maji na mfuniko. Sababu yake nitaieleza mbele.

Hatua ya 3: Mchanga, na hapa usifanye haraka

Mtazame kori akila. Anazamisha pua mchangani mpaka machoni, anajaza mdomo, anachuja chembe za chakula, kisha mchanga unatoka kupitia kwenye matamvua. Siku nzima kazi yake ni hiyo. Ukimwekea kokoto zenye ncha, umemnyima kazi yake na chakula kinazama kati ya mawe asikoweza kukifikia, kinaoza, na uozo huo ndio unaokula sharubu zake. Kori aliyebaki na vishina vya sharubu amekuwa kama mpishi aliyepoteza ulimi.

Mchanga wa mto wa mafundi ujenzi unafaa, ila uchague. Chukua kidogo, uufikiche nyuma ya kiganja. Ukikwaruza ngozi yako, utakwaruza mdomo wake. Mchanga wa kusaga kutoka kwenye machimbo ya kokoto usiuguse. Mchanga wa baharini pia hapana: una chumvi na vipande vya makombe vitakavyoongeza chokaa majini. Ukiwa na shaka, dondoshea siki. Ukitoa povu, una chokaa.

Upepete kwa chekeche kuondoa changarawe, kisha uuoshe kwenye ndoo kwa kuukoroga na kumwaga maji ya juu, tena na tena, hata mara kumi na tano. Utachoka kabla haujatakata. Endelea. Maji yanayomwagika yakishakuwa kama maji ya mchele, umefika. Tandaza sentimita 3 hivi. Ukizidisha sana, tabaka la chini linakosa hewa na kutoa harufu ya mayai viza.

Juu yake weka gogo moja au mawili yaliyolowekwa mpaka yakazama yenyewe, na mawe laini ya mtoni. Halafu majani makavu ya mkungu, ule mti wa pwani wenye majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kudondoka. Wafugaji wa Ulaya wanayanunua kwa pakiti. Sisi yanafagiliwa na kuchomwa. Okota yaliyodondoka yenyewe, mbali na barabara na palipopuliziwa dawa, yaoshe, yaanike, weka matatu au manne. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi na samaki watajificha chini yake kama walivyo kwao.

Hatua ya 4: Maji, mimea na wadudu wasioonekana

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24, pampu ya hewa ikibubujisha, ili klorini itoke. Kama mamlaka ya maji ya mji wako inatumia kloramini, kuyaacha wazi hakusaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayotaja kloramini kwenye maelezo yake. Ukali wa maji si tatizo kubwa kwa samaki huyu: pH (kipimo cha tindikali ya maji) kati ya 6 na 7.8 anaivumilia, ilimradi isirukeruke.

Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa kinatosha, ni rahisi na hakinyonyi watoto wa samaki. Kiwashe, halafu kaa wiki nne hadi sita bila samaki. Ndiyo, wiki. Kinachojengeka hapo ni bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitreti isiyo kali. Walishe kwa kudondosha chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili. Amonia na nitriti zikisoma sifuri ilhali nitreti ipo, tangi liko tayari. Njia ya mkato iliyo halali ni moja: omba sponji chafu kutoka kwa rafiki ambaye samaki wake ni wazima, uiweke kwenye tangi lako ikiwa mbichi.

Katika mimea, elodea ya Brazili (Egeria densa) ndiyo jirani yake wa asili; inatoka kusini mwa Brazili, Uruguay na Argentina, na inapenda ubaridi uleule. Java fern ya kufungwa kwenye gogo nayo haina shida, ingawa ni mgeni kutoka Asia. Magugu maji yanatoka bara hilohilo la Amerika Kusini, ila sikushauri. Tumeyaona ya kutosha.

Hatua ya 5: Kuchagua na kuleta nyumbani

Nunua sita au zaidi kwa mkupuo mmoja. Kori mmoja peke yake anajificha mpaka anakufa. Dukani tazama vitu vitatu: sharubu ndefu na kamili, tumbo lisilobonyea, na pumzi ya utulivu. Usimkatae kwa kuwa umemwona akipaa juu ghafla na kurudi chini. Huyu ana njia ya pili ya kupumua: anameza kibumba cha hewa na kuifyonza oksijeni kupitia utumbo wa nyuma. Ndiyo sababu ya ile nafasi chini ya mfuniko. Akifanya hivyo mara mojamoja ni tabia. Kundi zima likifanya mfululizo, maji hayana hewa.

Asikamatwe kwa wavu ukiweza kuepuka. Pezi la mgongoni na yale mawili ya kifuani yana miiba inayojifunga ikasimama imara, nayo hunasa kwenye nyuzi. Akinasa, kata wavu, usimvute yeye. Mwiba ukikuchoma utaona moto kidogo mkononi, maana una sumu hafifu. Mtumbukize kwenye kikombe au chombo cha plastiki badala yake. Mfuko wa kusafiria uwe wa tabaka mbili kwa sababu ya miiba hiyohiyo, na wasisongamane: kori aliyeogopa sana anaweza kutoa sumu itakayoua kundi zima ndani ya maji machache ya mfuko.

Nyumbani acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano mpaka yawe mara mbili, kisha hamisha samaki peke yao. Maji ya mfuko mwaga. Zima taa mpaka kesho.

Hatua ya 6: Chakula

Kuna uongo wa madukani kwamba kori ni mfagiaji, atakula kinyesi na mabaki ya wenzake. Hali kinyesi. Porini hula viluwiluwi vya wadudu, minyoo, vijidudu vidogo vya majini na mabaki ya mimea. Mpe vidonge vinavyozama, jioni taa ikiwa imezimwa. Mara mbili kwa wiki mpe nyama: nyungunyungu aliyekatwakatwa ni karamu. Viluwiluwi vya mbu pia anavipenda mno, ila weka vile vitakavyoisha kwa dakika chache. Ukisahau tangini, umefuga malaria sebuleni.

Majirani wake wawe wapole na wa maji baridi. Aphyocharax anisitsi, mwenye mapezi mekundu, anatoka bonde hilohilo la Paraná. Sichlidi wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa usimchanganye nao. Maji yao ni magumu na hasira zao ni fupi. Na samaki yeyote mwenye mdomo wa kutosha kumeza kori asiwemo: miiba itafunguka kooni na utawazika wote wawili.

Kila wiki badilisha robo ya maji, pitisha mpira wa kunyonyea juu kidogo ya mchanga, kamulia sponji kwenye maji yaleyale uliyotoa, usiikamulie bombani. Akiumwa, ogopa dawa zenye shaba na usimwage chumvi kwa mazoea.

Hatua ya 7: Mtengenezee mvua

Wakishafikisha mwaka hivi, watazame kutoka juu. Jike ni mpana kama mbegu ya embe, dume ni mwembamba na pezi lake la mgongoni limesimama juu zaidi. Madume mawili kwa jike mmoja ni uwiano mzuri.

Kwao kuzaa kunafuata maji mapya. Kwa hiyo: wiki mbili walishe nyama kwa wingi bila kubadilisha maji mengi. Kisha jioni moja toa nusu ya maji, urudishe ya nyuzi 3 hadi 5 chini ya yaliyokuwepo, ukiyamimina polepole kama manyunyu, na ongeza nguvu ya pampu ya hewa. Rudia kesho yake kama hawajaitika. Mimi hungoja siku ya mvua ya kweli, nikisikia bati linapigwa ndipo nachukua ndoo. Sijui kama wanaisikia, lakini mara nyingi asubuhi nakuta mambo yameanza.

Madume humkimbiza jike tangi zima. Kisha mmoja anajilaza mbele yake na jike anabandika mdomo kwenye ubavu wake karibu na tundu la uzazi, miili yao ikifanya umbo la herufi T. Papo hapo jike anatoa mayai machache, mawili hadi manne, akiyashikilia kati ya mapezi ya tumboni kama mtu aliyekunja kanga kubebea maembe. Anazunguka, anachagua mahali, anasafisha kwa mdomo, anayabandika kwenye kioo au jani, anarudi kwa dume. Hurudia hivyo kwa saa kadhaa, na jumla inaweza kupita mia.

Walezi hawa hawana kumbukumbu. Wakimaliza wanaanza kuyala mayai yao. Yaondoe siku hiyohiyo. Yanabonyea kama mpira mgumu, kwa hiyo yasukume taratibu kwa kidole, yatabingirika bila kupasuka. Weka kwenye chombo chenye maji ya tangi hilohilo, jiwe la hewa linalobubujika pole, na jani moja la mkungu. Kila siku ondoa yaliyogeuka meupe yenye manyoya, maana ukungu wake unatambaa kwenda kwa mazima.

Hatua ya 8: Watoto

Kwa nyuzi 22 yanaanguliwa baada ya siku nne hivi, baridi ikizidi huchelewa. Siku mbili za kwanza usiwape kitu. Wana kifuko cha kiini tumboni. Kifuko kikiisha, wape watoto wa artemia (vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi) walioanguliwa siku hiyo, au minyoo midogo ya kufugwa kwenye uji wa shayiri, kidogokidogo mara tatu kwa siku. Kila jioni nyonya uchafu wa chini kwa kimpira chembamba na urudishe maji ya joto lilelile. Vifo vingi vya watoto nilivyowahi kuviona vilitokana na chakula kilichobaki chini. Njaa haikuwa sababu.

Hapo utafaidi kuona deraya ikiota. Anaanza akiwa uchi kama kiluwiluwi, na pezi moja linalozunguka mkia. Wiki zinavyokwenda mabaka yanatokea, mapezi yanagawanyika, na ubavuni vinaonekana vile vigae. Akifika sentimita 2 na nusu anaweza kurudi kwa wakubwa.

Sasa una sitini na tangi la kutosha ishirini. Wagawe kwa marafiki, au uzibe mlango kwa kuacha mayai yajayo yaliwe. Kijitoni usiwapeleke, hata kile kilicho nyuma ya nyumba, na hasa kama unaishi nyanda za juu ambako maji yanafanana na ya kwao. Ndugu zake wakubwa wenye deraya, wale wanaonyonya vioo, walishatoroka kutoka kwenye matangi wakajaza mito ya Florida na Meksiko. Magugu maji yaliyoziba mialo ya Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yalisambazwa duniani kama pambo la madimbwi. Nami ninapompa mtu watoto kumi, huwa namtaka kwanza anitumie picha ya kipimajoto chake.